Kampasi Haiishii Kwenye Uzio: Utangulizi wa Elimu ya Mazingira ya Vyuo, Ukianzia Nangara

Mwaka 1964 Ziwa Babati lilifurika. Likafurika tena mwaka 1979, na tena mwaka 1990. Kila mara maji yalipopungua yaliacha swali lile lile: ziwa hili dogo, ambalo watu wamelizoea kwa samaki na viboko wake, linageukaje adui wa mji wa Babati? Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Kiswidi, Klas Sandström wa Chuo Kikuu cha Linköping, alilichukua swali hilo akalifanya kazi ya sayansi. Aliangalia mvua, akaangalia pia jinsi ardhi inavyotumika katika vilima vinavyomwaga maji ziwani, akauliza kama mafuriko yale yalikuwa kazi ya mawingu peke yake au jembe, shoka na kwato za ng'ombe navyo vilikuwamo.

Naanza na ziwa ingawa ninakotaka kukukaribisha ni kwenye elimu ya utunzaji wa mazingira ya vyuo, elimu ambayo vitabu vyake vingi huanza na jengo: paa lenye paneli za sola, mapipa ya taka ya rangi tatu, bustani iliyofyekwa vizuri. Wewe uliyepanga chumba Nangara, Babati, unayepanda bodaboda asubuhi kuwahi kipindi, huenda hujawahi kujiuliza chuo chako na ziwa lile vinakutana wapi. Vinakutana. Vinakutana pale maji ya paa la ukumbi wa mihadhara yanapomwagika, pale ulipochomwa mkaa uliopikia maharage yako ya mchana, pale karo la hosteli linapovuja. Dai langu katika utangulizi huu ni moja tu: kampasi haiishii kwenye uzio wake, na anayetaka kuitunza sharti kwanza ajue inaanzia wapi na inaishia wapi.

Historia ya elimu hii ni fupi na inafaa uijue. Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Stockholm wa mwaka 1972 ndio uliozaa shirika la UNEP, na makao yake yakawekwa Nairobi. Oktoba 1990 wakuu wa vyuo vikuu kutoka mabara mbalimbali walikutana Talloires, Ufaransa, wakatoa azimio kwamba vyuo vyenyewe, si mitaala yao tu, vina wajibu kwa mazingira. Mwaka 2004 UNEP ilianzisha mpango wa kuingiza mazingira katika vyuo vikuu vya Afrika. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Indonesia kikaanza kutoa orodha ya GreenMetric, inayopanga vyuo vya dunia kwa jinsi vinavyojali mazingira. Orodha za aina hiyo zina faida ya kuamsha ushindani, lakini hupima zaidi kile kinachohesabika kirahisi ndani ya uzio. Chuo kinaweza kupata alama nzuri kwa ukubwa wa eneo lake la kijani huku majitaka yake yakiteremka kwa jirani. Ndiyo maana siwashauri wanafunzi wapya waanzie huko. Waanzie mahali walipo.

Nangara ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mji umekua kwa sababu zinazoonekana: barabara kuu ya Arusha na Dodoma, ile inayohesabiwa katika njia ndefu ya kutoka Cape Town hadi Cairo, ofisi za mkoa, mahindi na mbaazi za wakulima, na sasa vyuo. Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi Babati. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria mwaka 1992, kina kituo chake cha mkoa hapa.

Hicho cha pili kinatuvuruga kwa namna nzuri. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria hahamii bwenini. Anasoma akiwa nyumbani, anakuja kituoni kwa mitihani na maelekezo, anarudi kazini kwake. Kwa hesabu za kawaida chuo cha aina hiyo kinaonekana kuwa na mzigo mdogo sana kwa mazingira: majengo machache, mabweni hakuna. Lakini maji anayooga mwanafunzi yule, taa anayosomea na mkaa anaopikia havikufutika. Vimehamia kwenye nyumba ya kupanga ambako hakuna ofisi ya chuo inayovihesabu. Hata vyuo vyenye majengo makubwa, hosteli zao mara nyingi hazitoshi, na nusu ya maisha ya wanafunzi wao inaendeshwa na wenye nyumba wa mtaani. Ukichora mpaka wa kampasi kwa hati ya kiwanja utapata hesabu safi lakini isiyo ya kweli.

Basi tufuate maji, kwa kuwa Babati maji ndiyo yanayosema wazi zaidi.

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kanuni hiyo ndogo ndiyo mlango wa elimu nzima. Chukua jengo la chuo lenye paa la mita za mraba 500, na tukadirie mvua ya milimita 700 kwa mwaka, kiasi ambacho si cha ajabu kwa Babati. Paa hilo moja linapokea lita 350,000. Tuseme tunapoteza sehemu ya tano kwa mvuke, kwa mifereji iliyoziba na kwa mvua ya kwanza tunayoiacha ioshe vumbi; zinabaki lita 280,000. Kwa ndoo moja ya lita 20 kwa mwanafunzi kwa siku, hayo ni maji ya wanafunzi 46 kwa siku 300 za mwaka. Chuo kina mapaa mangapi?

Sasa ligeuze jambo hilo hilo upande wa pili. Mvua kubwa ya mchana mmoja, milimita 30 ndani ya saa moja, inaliangushia paa lile lita 15,000. Kama hakuna tangi, maji hayo yote yanatoka kwenye kona moja au mbili za jengo, tena kwa nguvu, na kuingia kwenye ardhi ambayo kabla ya ujenzi ilikuwa na nyasi na vichaka vya kuyapunguza mwendo. Hapo ndipo korongo linapozaliwa. Linaanza kama mfereji wa kuruka kwa hatua moja, masika ya tatu linahitaji daraja la magogo, na udongo uliokuwa hapo umekwenda zake bondeni. Bonde la Babati linaishia ziwani, na tope likishafika ziwani halirudi. Mpango wa maji wa chuo na mpango wake wa kuzuia mmomonyoko ni kitu kimoja, na inanisikitisha kila ninapoona vimegawanywa kati ya ofisi mbili zisizozungumza.

Tukifika hapa, mwanafunzi mwepesi husema: tupande miti. Ni jibu zuri, lakini lisikupofushe, kwa sababu ndani yake kuna mjadala mkali wa kisayansi ambamo Babati ina nafasi ya heshima. Tasnifu ya Sandström ya mwaka 1995 iliuliza kama misitu na maji ni marafiki au maadui. Wengi wetu tumelelewa na imani kwamba msitu huleta maji. Wanahaidrolojia kwa upande wao wamepima mara nyingi, katika nchi nyingi, wakakuta kwamba mti ni mnywaji mkubwa: majani yake hurudisha angani maji mengi kuliko nyasi au shamba la mahindi, na mabonde yaliyopandwa misitu mipya mara nyingi mito yake hupungua. Pande zote mbili zinasema kweli, na mwafaka wao uko kwenye udongo. Udongo wa msitu wa asili, wenye majani yaliyooza, mizizi na vijia vya wadudu, hunyonya mvua na kuiachia taratibu miezi ya kiangazi. Ukikata miti, kisha ukalima bila matuta na kuchunga bila kupumzisha, uso wa ardhi hugandamana. Hapo maji uliyoyaokoa kwa kuondoa wanywaji hayabaki. Yanakimbia juu juu siku ile ile ya mvua, yanaleta furiko, na Septemba kijito kimekauka. Kwa hiyo swali la kuuliza mbele ya kilima chochote cha Babati si kina miti mingapi. Uliza mvua ikigusa ardhi yake inaingia au inakimbia.

Nisisitize jambo moja kabla sijaendelea, maana nimeona likipotoshwa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaishukia Katesh na vijiji jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Siku chache baadaye kulikuwa na watu waliokwisha kuamua kwamba chanzo ni ukataji miti. Wataalamu wa miamba walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilishiba maji ya mvua nyingi ikashindwa kujishikilia. Mwanafunzi wa mazingira anayeukimbilia mti kila inapotokea balaa anawakosea waliopotea, kwa sababu anatoa onyo lisilo sahihi kwa wanaoishi chini ya mlima mwingine.

Turudi kwenye miti ya kampasini. Tanzania ina siku yake ya taifa ya kupanda miti, tarehe 1 Aprili, na vyuo huitumia vizuri kwa picha: mkuu wa chuo na koleo, wanafunzi wenye fulana mpya, miche kwa mamia. Kwa Babati, ambako mvua hukatika Mei na kiangazi kuanza Juni, mche uliopandwa Aprili unapewa wiki chache tu za kutia mizizi kabla ya miezi ya ukame, tena ni miezi ambayo wanafunzi wako likizo na hakuna wa kumwagilia. Aliyepanda Desemba au Januari, mvua zikiwa zimetulia, ameupa mche wake miezi minne au mitano. Siipingi siku ya taifa. Nasema kila chuo kiisome kalenda ya mvua yake, na badala ya kutangaza miche iliyopandwa kitangaze miti iliyo hai baada ya miaka mitatu. Na kitazame aina. Mkaratusi hukua haraka na nguzo zake zina soko, ila ni mnywaji hodari na haufai karibu na chemchemi au kingo za ziwa. Mringaringa hutoa kivuli, mbao nzuri na maua ya nyuki. Mkuyu umetunzwa na wazee wa makabila mengi ya Kaskazini penye vyanzo vya maji, na sioni sababu ya chuo kuona aibu kujifunza kwao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Katika ukanda huo ndipo miti ya asili inapohitajika kuliko mbele ya jengo la utawala.

Umeme unatupeleka mbali zaidi na uzio kuliko maji. Ukinunua LUKU Nangara, uniti zinazoingia kwenye mita yako zimetoka kwenye gridi ya taifa, na gridi hiyo inalishwa na gesi ya pwani ya kusini na mabwawa ya mito mikubwa: Kidatu, Mtera, Kihansi, na sasa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115. Kila mradi wa namna hiyo una historia yake ya kimazingira, na ya Kihansi inavihusu vyuo moja kwa moja, hivyo naomba unifuate huko kwa kitambo.

Mwaka 1996, watafiti wakichunguza mazingira ya Korongo la Kihansi katika milima ya Udzungwa, walimkuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hakuwa anajulikana popote. Makazi yake yote duniani yalikuwa takriban hekta mbili za majani yaliyolowa daima kwa manyunyu ya maporomoko. Hatagi mayai majini kama vyura wengine. Jike huzaa watoto walio kamili. Ujenzi wa bwawa ulikuwa umekwisha kuanza. Mwaka 2000 mitambo ya megawati 180 ilipowashwa, sehemu kubwa mno ya maji ya mto ilielekezwa kwenye handaki, na manyunyu yakakauka. Mwishoni mwa mwaka huo karibu vyura 500 walipelekwa Marekani ili uzao wao usipotee. Kule korongoni yaliwekwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga maporomoko, lakini mwaka 2003 vyura walianguka ghafla, na ugonjwa wa ukungu unaoua vyura duniani kote ulikutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Kisha zamu ikawa ya chuo. Mwaka 2010 vyura 100 waliolelewa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo walirudishwa nyumbani, wakapokelewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika jengo lililotayarishwa kwa ajili yao kwenye kampasi yake ya Mlimani. Fikiria kazi yenyewe: joto la pwani huku chura amezoea ubaridi wa korongo, maji yanayotakiwa kuchujwa, wadudu wadogo wa chakula wanaotakiwa kuzalishwa bila kukosa hata siku moja, na umeme usiotakiwa kukatika. Mwaka 2012 vyura walianza kurudishwa Kihansi. Wataalamu wa vyura na viumbe wa jamii yao duniani hawakuwa na mfano mwingine wa spishi iliyotoweka porini na kurudishwa kwake namna hiyo.

Nimekaa na kisa hiki kwa sababu kinajumlisha kila ninachotaka uone. Taa za mabweni ya nchi hii zilikuwa zinawaka kwa maji yaliyokuwa manyunyu ya chura yule, na maabara ya chuo ndiyo iliyompa mahali pa kungoja. Swichi ya ukutani kwako na korongo la Udzungwa ni mtaa mmoja. Kuzima taa za ukumbi mtupu ni kitendo kinachogusa mto, ingawa kidogo, na wingi wa watu chuoni ndio unaoupa udogo huo uzito.

Vyuo vingine vimechagua kujizalishia. Strathmore ya Nairobi iliweka mitambo ya sola ya kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014. Manyara ina jua la kutosha, na mapaa yale yale tuliyoyapigia hesabu ya mvua yanaweza kubeba paneli. Lakini naona vyuo vyetu vikikimbilia sola kwa sababu inaonekana, huku jiko likiachwa nyuma ya jengo, na jiko ndilo penye moto mkubwa zaidi.

Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka huo unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Kwa nini jambo hili linastahili amri? Tanuri la kienyeji la udongo hutoa kilo moja hadi mbili za mkaa kwa kila kilo 10 za mti. Zilizobaki ni moshi, maji na majivu. Chakula cha chuo ni ugali na maharage, na maharage ndiyo yanayokula moto. Yakilowekwa usiku kucha yanaiva kwa muda mfupi zaidi. Yakipikwa kwenye sufuria la presha muda unapungua tena sana. Hakuna mkutano wa kimataifa unaohitajika ili mpishi mkuu aanze kuloweka maharage leo jioni. Kinachohitajika ni mtu wa kuja jikoni na mizani, apime mkaa wa wiki moja ya kupika makavu na wiki moja ya kupika yaliyolowekwa, kisha amwonyeshe bwana fedha tofauti. Nimeshuhudia hoja za mazingira zikishindwa mbele ya kamati. Sijaona hoja yenye risiti mkononi ikishindwa kirahisi.

Taka nitazipita haraka, kwa kuwa ndizo watu wanazozijua zaidi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilionyesha kwamba nchi inaweza kubadilika kwa muda mfupi sheria ikiwa moja na ikitekelezwa kote. Chuoni, sehemu kubwa ya taka kwa uzito ni mabaki ya chakula na majani ya bustani, na hayo ni mboji. Shida kubwa ni majitaka. Mlimani kuna mabwawa ya majitaka yanayosafisha kwa jua, vijidudu na muda, bila mtambo wa umeme, na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Jamidu Katima akiwa mmoja wao, wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya mabwawa hayo na ardhioevu za kutengenezwa, ambamo maji machafu hupita taratibu kwenye kokoto na mizizi ya matete. Ni teknolojia inayoifaa Babati kabisa: ardhi ipo, jua lipo, na ziwa lililo chini halina namna nyingine ya kujikinga.

Nimebakiza fundisho ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, na lilitoka kwenye vijiji vya Babati wala halikutoka chuoni.

Kusini magharibi mwa mji kuna msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, takriban hekta 9,000 zilizosambaa kwenye vilima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilikuwa katika hatua za kuutangaza kuwa hifadhi yake. Mipaka ilikuwa ikipimwa. Watu waliokuwa wakiutegemea kwa kuni, dawa, asali na malisho waliona kwamba kesho utakuwa wa wengine, na wengi wakafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: wakawahi kuvuna. Msitu ukaanza kuisha kwa sababu ya juhudi za kuuhifadhi. Wilaya, ikisaidiwa na mradi wa matumizi bora ya ardhi wa LAMP uliofadhiliwa na Sweden na ushauri wa Liz Wily, ilikubali kufanya kinyume. Mwaka 1994 vijiji vinane, Ayasanda, Bubu, Duru, Endagwe, Endanachan, Gidas, Hoshan na Riroda, vilianza kukabidhiwa msitu wenyewe, kila kijiji sehemu yake. Wakakaa, wakaweka sheria ndogo: hakuna kuchoma mkaa, hakuna kufyeka shamba jipya, kuni zitaokotwa hapa na siyo pale. Wakateua walinzi kutoka miongoni mwao. Ndani ya muda mfupi uharibifu ulipungua na msitu ukaanza kurudi. Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, zinazotambua misitu ya hifadhi ya vijiji nchi nzima, zilisimama juu ya mifano kama huo.

Mwaka 1968 Garrett Hardin alikuwa ameiambia dunia kwamba mali ya wote lazima iangamie isipopewa serikali au mtu binafsi. Elinor Ostrom alitumia maisha yake kuonyesha kwamba si lazima, na mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mwenyeji wa Riroda angeweza kumweleza Hardin jambo hilo bila tuzo.

Sasa angalia sheria za mazingira za vyuo vingi. Zimeandikwa ofisini, zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na zinawahutubia watu ambao hawakuulizwa. Bomba la bweni linavuja miezi mitatu kwa kuwa anayeliona hana mamlaka, na mwenye mamlaka halioni. Duru-Haitemba inatuambia tuwakabidhi wanaotumia. Wanafunzi wa bweni wapewe hesabu ya maji yao kila mwezi, na sehemu ya akiba watakayoleta ibaki bwenini mwao. Wapishi wawe na sauti katika ununuzi wa majiko. Wahudumu wa usafi waketi kwenye kamati ya mazingira, maana hakuna profesa anayejua taka za chuo kama wao. Ukitaka kuanza utafiti wako, usianze na dodoso. Nenda kwa mama anayesafisha korido, mwamkie, kaa naye, muulize ni choo kipi kinachoziba na ni siku gani ya wiki. Nenda kwa mlinzi wa usiku umuulize taa zipi haziwahi kuzimwa.

Kuna aliyetutangulia kwenye njia hii ya kutoka maabara hadi shambani. Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, mwaka 1971, alikuwa mhadhiri wa anatomia ya mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikuwa akichunguza kupe wanaoambukiza ng'ombe ndigana kali. Huko vijijini akaona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa tope, akatambua kwamba kupe si adui mkubwa kuliko wote. Mwaka 1977 akaanzisha Vuguvugu la Mkanda wa Kijani. Mapema mwaka 1999, alipokuwa akiutetea Msitu wa Karura usigawanywe viwanja, wanafunzi wa vyuo vya Nairobi waliingia barabarani kumuunga mkono, na msitu huo upo hadi leo. Alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Ninachokipenda zaidi katika kisa chake ni kile kituo kidogo cha mwanzo: mtaalamu wa kupe aliyekubali kutazama kitu ambacho hakukitafuta.

Babati imetazamwa sana na wageni. Wanafunzi kutoka Chuo Kikuu cha Södertörn cha Sweden wamekuwa wakija hapa kwa mafunzo ya uwandani na kuandika juu ya ziwa, misitu, mbolea na biogesi. Kazi zao zina faida, zisome. Lakini mgeni huja kwa wiki chache na kuondoka, na maswali makubwa ya mahali hapa yanataka mtu anayekaa: kina cha ziwa kila mwezi kwa miaka 10, upana wa makorongo masika hadi masika, miche mingapi ya kampasi ilivuka kiangazi. Kazi hizo hazihitaji vyombo vya gharama. Zinahitaji daftari linalopokezanwa kutoka kundi moja la wanafunzi hadi linalofuata, jambo ambalo chuo kina uwezo nalo kuliko taasisi nyingine yoyote ya mji.

Kwa hiyo kabla hujaingia kwenye nadharia, kusanya bili za maji za chuo chako za miaka miwili, risiti za LUKU na za mkaa, na ramani ya mapaa. Mvua kubwa ya kwanza ikianza, vaa mabuti utoke nje, uyafuate maji kutoka kona ya jengo hadi yanapovuka uzio, na uendelee nayo kupitia viwanja vya watu, ukibisha hodi na kueleza unachotafuta, hadi yatakapofika kwenye kijito au ziwani. Mchukue mwenyeji wa mtaa anayekumbuka korongo lilikuwa na upana gani kabla ya majengo. Pima kwa futi kamba, andika tarehe, gonga kigingi cha mti ulipopima, na mwachie mwenzako wa mwaka wa kwanza maelekezo ya kukipata masika yajayo.